Mama anataka kuhudumu mpaka mwisho, ndugu zangu wanataka aache

BARUA

Habari za kazi, mshauri. Naandika kutoka Mwanza, mtaa mmoja wa Bugarika, huku juu kwenye mawe. Naomba jina langu lisitokee kwa sababu mama yangu anafahamika na watu wengi.

Mama ana miaka 74, ni mjane. Watoto wake tuliobaki ni watatu. Kaka mkubwa yuko Dar es Salaam, mdogo wetu yuko Geita, na mimi naishi naye hapa nyumbani pamoja na wanangu wawili. Tuna pia watoto wawili wa marehemu dada yetu, ambao mama amewalea tangu wakiwa wachanga. Mimi nafanya kazi kwa zamu kwenye kiwanda cha samaki, kuna wiki naingia usiku na kuna wiki naondoka kabla hakujakucha.

Mama ana presha na kisukari. Kwa presha anatumia amlodipini na dawa ya kutoa maji mwilini, na kwa sukari anatumia metformini na glibenklamidi. Alipopimwa mara ya mwisho presha ilikuwa 168 kwa 96, na daktari akamwambia apunguze shughuli. Mama akamjibu kwamba atapumzika akifa.

Wiki yake iko hivi. Anaamka saa kumi na nusu alfajiri. Maji ya bomba kwetu ni ya mgao, yanatoka usiku, na bomba liko chini, hivyo anapandisha ndoo kwa ngazi za mawe mpaka pipa lijae. Anapika uji, anawaandaa watoto wanne, anashuka kwenda Misa ya saa kumi na mbili. Akirudi anafua, anapika, anasubiri watoto watoke shule. Jumatatu na Alhamisi anakwenda kwa mama mmoja wa jumuiya yetu ya kanisa aliyepata kiharusi, anamwogesha na kumgeuza kitandani. Jumatano ni WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki. Ijumaa anafua na kupiga pasi vitambaa vya altare, kazi aliyoifanya tangu mimi nikiwa mdogo. Jumamosi asubuhi ni jumuiya, na yeye ndiye mhazini, kwa hiyo watu wanagonga mlango mpaka usiku kuleta michango. Jumapili haihitaji kueleza.

Kwaresma iliyopita, siku ya Ijumaa, alianguka kwenye Njia ya Msalaba. Alikuwa amefunga tangu jana yake, dawa za sukari amemeza. Wakamwinua anatoka jasho, anaongea maneno yasiyoeleweka. Baadaye nikagundua pia kwamba vidonge vya presha anagawana na jirani ambaye hana hela ya dawa, na ile dawa ya maji Jumapili haimezi kabisa.

Kaka anatuma 120,000 kila mwezi kwa ajili ya chakula na dawa. Sehemu yake inakwenda kwenye zaka, michango ya jumuiya, na sare na madaftari ya mtoto wa yule mama mgonjwa. Kaka alipojua alikasirika sana. Wamekaa kikao kwa simu, yeye na mdogo wetu, wakaniunganisha mimi. Wameamua mama aache uhazini, aache kuhudumia wagonjwa, na mwezi wa kumi na mbili ahamie Dar kwa kaka apumzike. Kazi ya kumwambia nimepewa mimi, eti kwa sababu ndiye ninayekaa naye.

Mshauri, mimi naogopa mambo mawili. Naogopa kumkuta siku moja ameanguka kwenye zile ngazi. Na naogopa kwamba tukimwondoa kwenye huduma yake tutakuwa tumemuua sisi. Nimwambieje?

Mtoto wa Bugarika

MAJIBU

Dada mpendwa, pole kwa mzigo huu. Umetumwa kupeleka uamuzi ambao hukuufanya peke yako, kwa mtu unayemheshimu, na wewe ndiye utakayebaki naye nyumbani simu ikishakatwa. Umeniuliza jinsi ya kumwambia. Naomba kabla ya hapo tuangalie kwa makini ni jambo gani hasa unalotakiwa kumwambia, kwa sababu barua yako ina mambo kadhaa yaliyofungwa pamoja, na yakifunguliwa moja moja huenda yasidai dawa ileile.

Kikao chenu kimechukulia kwamba huduma ya kanisa ndiyo inayomchosha mama. Rudia kusoma ile wiki uliyoiandika mwenyewe. Ndoo ya lita 20 ina uzito wa kilo 20 kabla hujahesabu ndoo yenyewe, na anaipandisha kwenye ngazi za mawe gizani, akiwa na presha, kabla ya kula chochote. Kisha kuna watoto wanne. Hayo yote ni ya nyumbani, na ni ya kila siku. Vitambaa vya altare ni vyepesi, na Jumatano ya WAWATA kwa sehemu kubwa ni kukaa, kusali na kuzungumza na wanawake wenzake. Katika mambo yote ya kanisa uliyoyataja, yaliyo mazito kwa mwili naona mawili tu: kumgeuza mgonjwa, na kufunga huku akimeza dawa za sukari. Sasa jiulize, kama ataacha uhazini na wagonjwa lakini akabaki na ndoo na watoto, atakuwa amepumzika? Pengine atakuwa amebaki na zile kazi ambazo hakuna anayemshukuru kwazo, na amenyang'anywa zile zinazomfanya aamke.

Sisemi haya kukulaumu wewe. Mtu anayefanya kazi kwa zamu na kuachiwa watoto wanne hana mahali pengi pa kukimbilia. Lakini ndugu zako wanapaswa kuiona hesabu hiyo, kwa sababu uamuzi wao umegusa kila kitu isipokuwa ndoo.

Tuanze na dawa, maana hizo haziwezi kungoja mwezi wa kumi na mbili.

Kilichomwangusha kwenye Njia ya Msalaba, kwa jinsi ulivyokieleza, kinafanana sana na sukari kushuka. Glibenklamidi inalazimisha kongosho kutoa insulini hata kama tumbo ni tupu. Mtu akimeza bila kula, sukari inashuka, anatoka jasho, anatetemeka, anachanganyikiwa, na ikizidi anapoteza fahamu. Kwa wazee dawa hii huwa na hatari zaidi kwa sababu hukaa mwilini muda mrefu, hasa figo zikiwa zimechoka. Mweleze daktari tukio hilo lote, pamoja na habari ya kufunga, umuulize kama bado ndiyo dawa inayomfaa. Usiibadilishe wala kuipunguza mwenyewe. Wakati huohuo, mama na watoto wakubwa hapo nyumbani wajue la kufanya: akiwa anajitambua na anaweza kumeza, apewe vijiko vitatu vya chai vya sukari vilivyokorogwa katika nusu kikombe cha maji, asubiri dakika 15, akiwa bado hajapata nafuu arudiwe, kisha ale chakula kamili. Akiwa hajitambui asinyweshwe kitu, kinaweza kuingia mapafuni. Hapo ni kumlaza ubavu na kumkimbiza hospitali.

Kuhusu kufunga, mama anaweza kupata faraja kwa Kanisa lake mwenyewe. Kanuni ya 1252 ya Sheria za Kanisa inawadai watu wazima kufunga mpaka wanapoanza mwaka wao wa 60. Mama alishavuka umri huo miaka mingi iliyopita. Hata ile saa moja ya kutokula kabla ya Komunyo, kanuni ya 919 inasema maji na dawa haviivunji, na wazee, wagonjwa na wanaowahudumia wanaruhusiwa kupokea hata kama wamekula ndani ya saa hiyo. Kwa hiyo anaweza kunywa uji wake nyumbani, akameza dawa kama alivyoelekezwa, akashuka kwenda Misa bila dhambi yoyote. Ila nakuomba usiende kwake na kanuni kama mtu aliyeshinda kesi. Mwambie paroko amweleze, kwake neno hilo litakuwa na uzito mwingine. Na wewe muulize kwa upole anafunga kwa ajili ya nani. Mtu wa miaka 74 anayefunga siku nzima mara nyingi ana nia moyoni, labda marehemu dada yenu, labda mmoja wenu. Ukiijua nia yake mnaweza kutafuta sadaka nyingine ya kuitolea, kwa mfano rozari mnayosali pamoja.

Ile dawa ya maji ya Jumapili nadhani naielewa. Misa ni ndefu, inaongezeka kwa matangazo na mavuno, choo kiko mbali, na mwanamke wa heshima zake hapendi kuonekana akitoka katikati ya mahubiri. Hili wazee huwa hawalisemi, wanaacha tu dawa. Jambo lenyewe ni dogo. Muulizeni daktari kama siku hiyo anaweza kuimeza baada ya Misa badala ya asubuhi, na mama akae benchi la pembeni karibu na mlango.

Kugawana vidonge ni jambo zito zaidi, maana kunaumiza watu wawili. Mama akimeza nusu, presha haishuki ipasavyo, na kwa namba ulizonitajia mlango wa kiharusi uko wazi. Na yule jirani anameza dawa ambayo hakuna aliyempimia. Leo ni amlodipini, kesho inaweza kuwa atenololi au propranololi, na hizo zikimkuta mtu mwenye pumu zinaweza kumbana kifua vibaya. Mama hatakuelewa ukimwambia aache kumsaidia jirani. Anaweza kukuelewa ukimwambia tumpeleke jirani akapate dawa zake mwenyewe. Kama naye amefikisha miaka 60 na hana uwezo, sera ya nchi inampa haki ya matibabu bila malipo kwenye vituo vya serikali. Aanzie kwa mtendaji wa mtaa apate barua, kisha aende kwa ofisa ustawi wa jamii, aulizie kitambulisho cha mzee. Mama akimsindikiza kwenye safari hiyo atakuwa amemsaidia kuliko kwa vidonge.

Na hapohapo nyumbani, panga dawa za mama za wiki nzima kwenye bahasha ndogo, siku na saa ziandikwe kwa kalamu nene. Zikibaki za siku saba, nunua nyingine. Punguzeni pia chumvi. Kijiko kimoja cha chai kwa siku nzima ndicho kiwango cha juu kwa mtu mmoja, na hapo imo ile iliyokwisha kuingia kwenye kayabo, yaani samaki wa chumvi. Kama mama anapenda kayabo, na Mwanza nani asiyeipenda, bora ale sato au sangara mbichi, au dagaa ambao hawakutiwa chumvi. Matobolwa yake, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, hayana ubaya kwa presha, ila ni ya kupima kwa ajili ya sukari.

Sasa yule mama mwenye kiharusi. Mgonjwa asiyejigeuza anatakiwa kugeuzwa karibu kila baada ya saa mbili, vinginevyo anaota vidonda kwenye makalio, kiunoni na visiginoni. Kwa hiyo hata mama akienda Jumatatu na Alhamisi bila kukosa, siku nyingine zote lazima awepo mtu. Hii ndiyo sababu ya kulipeleka jambo hili mezani kwa jumuiya, ipangwe zamu ya watu wengi, wakiwemo vijana wenye migongo imara. Mama anaweza kubaki kuwa mwalimu wao. Awaonyeshe jinsi ya kutandika shuka iliyokunjwa kuanzia mabegani mpaka mapajani mwa mgonjwa, watu wawili wakashika pembe zake na kumvuta kwa pamoja badala ya kumnyanyua kwa makwapa, maana bega la upande uliopooza huteguka kwa urahisi. Awaonyeshe kukunja goti la mgonjwa kwanza kabla ya kumviringisha ubavu. Maarifa hayo aliyapata kwa miaka, na yeye akianguka leo yanaondoka naye. Hatari ninayoiona ni kwamba zamu za namna hii huanza kwa moto na kupoa ndani ya miezi miwili, na zikipoa mama atarudi kuinama peke yake. Mwenyekiti wa jumuiya aandike majina na siku, na ayasome kila Jumamosi.

Uhazini nao usiuchukulie kama hela tu. Ni ushahidi kwamba watu wanamwamini. Kinachomchosha ni kugongewa usiku, na hilo linaweza kuondolewa kwa kupokea michango Jumamosi peke yake, palepale kwenye jumuiya, mbele ya watu. Kama umeona anasahau, anachanganya daftari au fedha zinapishana, hapo makabidhiano yana faida kwake pia, yanamlinda asije akasingiziwa. Yafanyike kwa heshima: fedha zihesabiwe mbele ya mashahidi wawili, daftari lisainiwe, na msaidizi akae naye miezi michache kabla. Kuondolewa ghafla kutawafanya watu wajiulize amekula nini.

Tuje kwenye ile 120,000. Kaka ana haki ya kutaka dawa zinunuliwe. Lakini je, mama naye hana haki ya kuwa na cha kutoa? Mwanamke aliyetoa maisha yake yote, ukimgeuza mtu wa kupokea tu, unamgusa mahali panapouma. Njia mojawapo ni wewe kununua dawa na chakula kwanza, kinachobaki kikawa chake bila kuulizwa. Hapa kuna kasoro: kama bei ya dawa itapanda kitabaki kidogo sana, na kaka anaweza kuona unamtetea. Zungumzeni kiasi kabisa, kwa namba, msiishie kwenye hasira.

Kuhusu Dar es Salaam, sitakwambia aende au asiende. Kuna faida za kweli. Hatapanda ngazi za mawe, atakuwa karibu na kaka, na wewe utalala. Lakini muulize kaka maswali mawili matatu. Mchana nyumbani kwake anabaki nani? Kama wote wanatoka alfajiri na kurudi usiku, mama atakaa ndani na geti limefungwa, hana wa kumsalimia, na mzee wa namna hiyo huanza kukosa usingizi na hamu ya kula. Watoto wa marehemu dada yenu watakaa na nani, na wako tayari kuachwa na mama wa pili? Na kuna jambo ambalo wazee wetu hulifikiria bila kulitamka, nalo ni maziko. Hapo Bugarika anajua nani atakuja kumwimbia. Dar atakuwa mgeni kwenye jumuiya ambayo haijamjua.

Kama mtaona ajaribu, iwe ni kumtembelea kaka kwa wiki kadhaa, na nafasi yake nyumbani na kwenye jumuiya ibaki wazi. Aondoke na dawa za kutosha kwa miezi miwili, kadi ya kliniki, na barua ya utambulisho kutoka parokiani, na mke wa kaka amtafutie jumuiya ya karibu kabla hajafika. Njiani basi likisimama ashuke atembee, miguu isivimbe.

Kama atabaki, basi nyumba ndiyo ibadilike. Kijana wa kupandisha maji usiku kwa malipo mnayochangia watatu. Msichana wa kusaidia watoto mchana, jambo ambalo lina gharama na lina hatari zake ukimchukua usiyemjua. Chuma au kamba ya kushikilia kwenye ngazi, tochi, viatu vinavyoshika badala ya kandambili, hasa mvua za vuli zikianza mawe yakawa na utelezi. Akiamka akae ukingoni mwa kitanda dakika moja au mbili kabla ya kusimama, maana dawa zake zinaweza kumletea kizunguzungu. Jumuiya nazo husali nyumba kwa nyumba, zamu ya kwenu inaweza kurudi mara nyingi zaidi. Na siku asipoweza kushuka kabisa, padre huwapelekea wazee Komunyo nyumbani. Muulizeni paroko mapema, mama ajue kwamba kukosa miguu hakutamkosesha Ekaristi.

Haya yote hayataondoa hofu yako ya kumkuta ameanguka. Anaweza kuanguka hata mkifanya kila kitu, na anaweza kuanguka Dar. Hofu hiyo ni yako kuibeba pamoja na ndugu zako, na mnaweza kumwambia mama kwamba mnaibeba. Mara nyingi wazazi wetu hudhani tunawapangia maisha kwa sababu wamekuwa mzigo. Hawajui kwamba tunaogopa.

Kwa hiyo, swali lako la nimwambieje. Kikao cha kwanza kilikaa bila mwenye mambo. Unaweza kumjibu kaka kwamba hutapeleka uamuzi, ila utaandaa kikao kingine ambacho mama yumo. Kama mdogo wenu anaweza kuja kutoka Geita, aje, na kaka awe kwenye simu iliyowekwa sauti. Msiite siku ya Kwaresma wala jioni ya Jumapili mama akiwa amechoka. Aanze yeye kusema. Muulizeni katika kazi zote za wiki, ni ipi angependa mtu amtue, na ni ipi asingependa iguswe. Halafu mnyamaze, hata akichukua muda mrefu kujibu.

Ikiwa kaka atasisitiza umwambie peke yako, mwombe ampigie mama mwenyewe kwanza, si kutoa agizo, bali kumuuliza swali hilohilo. Na kliniki ijayo usiache kwenda naye, hata ikibidi kubadilishana zamu na mwenzako: daktari anahitaji kusikia habari ya kufunga, ya kugawana vidonge na ya Jumapili, na mama hatazisema akiwa peke yake.